Kilichobaki Kwenye Chujio

Bi Somoe Nachilima amefika maabara kabla sijavaa koti,
na fuko la ming'oko, udongo wa Nanyamba bado mbichi.
"Dada wa lishe kaniuliza sokoni, ina nyuzinyuzi ngapi?
Nikakosa jibu. Na mimi si mtu wa kukosa jibu."

Nikampa kiti. Shangazi, kwanza tuelewane neno.
Nyuzinyuzi si uzi.
Si ule wa katikati ya muhogo
unaouvuta kwa meno na kuulaza ukingoni mwa sahani;
huo ni mmoja wa ukoo, ndiye anayeonekana.
Wengine huzama majini wakawa ute, kama mlenda,
vidole haviwashiki.
Ukoo mzima unajulikana kwa kukataa:
tumbo likiwaita wavunjike, hawaitiki,
wanapita utumbo mwembamba na adabu zao
hadi chini kabisa, kwa vijidudu,
na huko ndiko wanakopokelewa.

"Kwa hiyo mnawatambua kwa kisichotokea."

Ndiyo.

Waliotutangulia walichemsha kwa asidi, kisha kwa magadi makali,
kilichosalia wakakiita jibu.
Ni kama kuhesabu watu wa msibani
mvua kubwa ikishapita.

Siku hizi tunaliiga tumbo.
Nimeichemsha kama anavyochemsha yeye, nimeikausha, nimeisaga,
gramu moja, na gramu moja nyingine,
maana shahidi mmoja hatoshi.
Kimeng'enya cha kwanza kimekula wanga kwenye maji yanayotokota,
cha pili protini, joto likishuka,
cha tatu kimekomba masalia.
Kisha spiriti, mara nne ya maji,
na ule ute uliojificha ukaanza kuonekana,
ukatua polepole, mweupe, kama mtu aliyekubali kukaa.
Chuja. Osha. Kausha usiku kucha.

Usiku wenyewe umeme ukakatika Mtwara nzima, saa saba hadi saa kumi.
Asubuhi mizani ikanipa namba.
Nikarudisha vikombe jikoni; ikanipa nyingine.
Mara ya tatu. Mara ya nne, ikatulia.
Toa protini iliyong'ang'ania.
Choma kikombe cha pili hadi jivu, toa na jivu.

"Na ikipoa?" aliuliza aliporudi Alhamisi.
"Mimi huuza jioni, imeshapoa."

Swali hilo lilinikalisha.
Wanga ukipoa hujikunja upya, sehemu yake hugoma,
tumbo lisiuweze tena.
Je, naye ni wa ukoo, aliyeingia kwa kupoa tu?
Wapo wanaompa kiti, wapo wanaomwacha barazani.
Nikapima ya moto, nikapima kiporo,
nikaandika mistari miwili.

Fomu yetu ina safu iitwayo *makapimlo*.
Akaisoma kwa sauti, neno likamkaa vibaya mdomoni.
"Makapi?"
Akanisimulia mwaka wa njaa, Newala,
mama yake akiichekecha upya pumba ya mtama
aliyokwisha kuwamwagia kuku,
akaikorogea uji. "Kuku wakatutazama tunavyokunywa.
Makapi, mwanangu, ni neno la aliyeshiba."

Nikanyamaza. Fomu haikuichapa mimi.

"Kipimo changu mimi ni asubuhi.
Mjukuu alikaa siku nne hajaenda choo,
nikampa ming'oko na mbaazi. Usione haya, andika."
Sikuwa na safu ya kuandika hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.

Akakunja karatasi, akaikunjua tena.
"Na hii alama, ya kujumlisha iliyokalia ya kutoa?"
Hiyo, shangazi, ndiyo heshima yetu:
maana yake tumepima, ila hatuapi.

Akacheka hadi akashika meza.
Akatoa ming'oko minne, ya kuchemshwa, imepoa,
akaipanga kando ya mizani.
"Hii si ya kupima."