Mistari Miwili

Jumatano usiku, Butte, theluji ya magoti.
Zdenka, unga ungali kwenye kucha,
anachora mistari miwili:
gharama, mauzo.
"Inapokutana," asema mwalimu Tregear,
"hapo ndipo duka linaanza kupumua."

Anajaribu duka la marehemu baba.
Kodi mia sita kwa mwezi.
Mkate, dola mbili kuuoka,
na wachimba shaba akiwauzia
kwa mbili zilezile.

x inajifuta pande zote.
Yabaki: mia sita sawa na sufuri.

Anafuta. Anarudia. Vilevile.
Mistari sambamba, kama reli, hadi ukingo wa karatasi.

Mama hadi leo husema pesa zile alizinywa.

*Hakuna jibu*, aandika Zdenka.
Kisha pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
ulikuwa mwaka wa mgomo.