Ukurasa wa Pili, Mstari wa Nne

Karatasi arobaini na tisa, Kidato cha Pili B,
nimezibeba kwenye mfuko wa unga mpaka Yombo Vituka,
na umeme, kama kawaida yake, umeondoka bila kuaga.
Nimewasha taa ya simu, nimeiegemeza kwenye bilauri.
Swali la sita, alama kumi na tano:
"Je, haki ilitendeka? Toa hoja tano."

Hadithi yenyewe hata baba yangu aliisoma,
kitabu kikiwa bado na jalada.
Mpima mtama alilichonga jiwe lake la ratili
kidogo leo, kidogo kesho, kama panya anavyoguguna sabuni,
mpaka kijiji kizima kikawa kinanunua upungufu.
Siku aliyoumbuka, kadhi hakumfunga, hakumchapa.
Alisema: "Tangu leo hadi kaburini,
kila utakachonunua, utapimiwa kwa jiwe lako."
Watu wakashangilia. Mwisho.
Miaka kumi na mmoja naufundisha mwisho huo,
na kila mwaka darasa hupiga makofi.

Nassoro ameandika hoja tano, zote moja,
kaibadilishia shati tu.
Tumsifu amenakili kwa Nassoro, akaharibu "kadhi" ikawa "kazi",
hivyo kwake yeye kazi ndiyo iliyohukumu,
na kusema kweli sikujua nimkate au nimsifu.
Mwantumu ana methali tatu, maelezo hana.
Tiki. Tiki. Kosa. Chai imepoa.
Mwongozo wa kusahihisha uko kushoto kwangu,
una muhuri wa idara, unasema: NDIYO, ILITENDEKA.
Hauna safu ya jibu jingine.

Halafu Chausiku Ngwale,
yule wa dawati la dirishani, asiyenyosha kidole.
Mistari minne, kwa kalamu inayokata roho:

"Haki ilitendeka kwa mpima.
Ila alikuwa na watoto watatu, ukurasa wa pili, mstari wa nne.
Nao walikula kwa jiwe lile lile.
Nimewatafuta mpaka mwisho wa hadithi, sikuwaona."

Nikainuka. Nikakitafuta kitabu chini ya nguo za kupigwa pasi.
Ukurasa wa pili. Mstari wa nne.
Watatu. Wamebanwa kati ya koma mbili,
baada ya mke, kabla ya mbuzi.
Miaka kumi na mmoja nimewaruka
kama mtu arukavyo dimbwi la njia anayoizoea.

Najua, maana mwalimu wa zamu hujua hata asiyotaka,
kwamba baba yake Chausiku yuko Segerea tangu vuli
kwa nondo za watu, na aliziiba kweli, hakukana.
Mchana, wenzake wakikimbilia mihogo ya kukaanga,
yeye hubaki kufuta ubao
hata siku isiyo zamu yake.

Nimpe ngapi?
Mwongozo unataka hoja tano; yeye ana moja, na pengo.
Niliandika tatu. Nikaikwangua kwa wembe.
Niliandika kumi na tano,
nikamwona mkuu wa idara, miwani puani:
"Mwalimu Mbwambo, nyingine nne ziko wapi?"
Nikakwangua tena mpaka karatasi ikatoboka.
Pembeni ya tundu nikaandika tisa,
alama ya mtu mwenye huruma na woga kwa pamoja.

Asubuhi niligawa. Mvua ilipiga bati, hatukusikizana.
Alilichungulia tundu kwanza, kisha ile tisa.
Hakuuliza zile sita nimezipeleka wapi.
Alisogea karibu na sikio langu:
"Mwalimu, nawe uliwaona?"
Nikasema, jana usiku.
Akaikunja karatasi mara mbili, akaichomeka kwenye soksi,
akarudi dirishani.

Nikapaza sauti juu ya mvua:
Fungueni ukurasa wa pili.
Nassoro akasema, "Lakini mwalimu, huko tulishamaliza."