Sita na Sita

Jumapili mvua ikinyesha Torhout
mjomba Medard huondoa sahani mezani,
hukung'uta makombo ya mkate dirishani,
kisha hutandika barabara:
ubao alioupaka rangi mwenyewe mwaka sabini na nne,
kilomita mia mbili na kumi kwa vijumba vidogo vidogo,
vilima vya mawe, reli mbili za kuvuka,
na waendesha baiskeli arobaini wasiowahi kuzaliwa.

Kila mmoja ana kadi yake.
Huyu hodari wa vilima, huyu hupenda upepo wa ubavuni,
huyu hukohoa kuanzia mwezi wa tatu.
Dadu mbili za mfupa. Daftari la kumi na tisa.

Odiel Casteleyn ndiye mwenye kadi bora kuliko wote.
Hajashinda hata siku moja.
Miaka thelathini na moja: wa pili, wa nne, wa pili,
mtaroni, wa pili.

Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo, kule Gent,
ila yangu hulipiwa.
Tunaunda michezo ya kwenye simu, na bahati tunaipika.
Ukimwambia mtu ana nafasi tisa katika kumi,
akakosa mara mbili mfululizo, hukuita mwizi.
Basi tumeweka mkono chini ya meza:
akikosa ya kwanza, ya pili twampa.
Naye husema: sasa ndiyo, sasa ni kama kweli.

Nilimchukua Odiel, kadi yake na mapafu yake,
nikamtia kwenye kompyuta, nikamkimbiza mara elfu kumi.
Alishinda mara elfu moja mia moja na kumi na mbili.
Nikamletea mjomba karatasi
kama mtu aletaye habari ya urithi.
Akaisoma mpaka chini. Akaikunja.
"Katika hizo zote," akauliza, "alilowa mara ngapi?"

Nikaona haya, nikatafuta kosa upande wake.
"Na hii kanuni yako, sita na sita, pancha,
hata mita mia nne kabla ya utepe?
Moja kati ya thelathini na sita! Umezidisha, mjomba.
Barabarani haitokei hivyo. Nimehesabu."
Alikuwa anachonga penseli. Hakuinua uso.
"Mimi ilinitokea."

Juu ya kabati ipo picha ya kijana
mwenye matope mpaka menoni,
baiskeli begani, anakimbia kwa miguu,
na wengine wanampita.
Siku zote nilidhani anacheka.

Jana Odiel aliongoza tena.
Kijumba cha mwisho, peke yake, mvua.
Mjomba akatikisa kikombe, akarusha.
Dadu moja ikasimama: sita.
Ya pili ikagonga bakuli la sukari, ikaruka,
ikabingirika chini ya jiko.
"Turudie," nikasema.
"Iliyoanguka imeanguka. Wewe una macho, tazama."

Nikalala kifudifudi juu ya vigae baridi.
Vumbi, kizibo, njegere iliyokauka,
na kule nyuma kabisa, nyeupe, uso juu.
Tochi ikatetemeka mkononi.
"Ngapi?"
"Tatu."

Penseli haikusikika.
Nilichosikia ni kiti kikisukumwa,
goti moja likalia, kisha la pili,
miaka themanini na mitatu ikishuka sakafuni kando yangu,
na mkono umenyooshwa:
"Lete tochi."