Kanuni ya Alhamisi

Dundee, mwisho wa Novemba. Saa kumi tu
na giza limeshashusha mapazia.
Chini yangu anaishi Bi Effie Lorimer.
Harufu ya supu yake hunipandia Jumatatu.
Alhamisi haipandi.

Dakta Pitcairn alituambia:
mlaji mwenye busara hajipingi.
Kapu uliloliacha leo, nawe uliliweza,
usiliokote kesho, bei zikiwa zile zile,
fedha zikiwa zile zile.
Akaandika alama zake, nyembamba kama miguu ya sisimizi,
akapangusa chaki kwenye suruali.
"Tafuteni mtu," akasema. "Mpimeni."

Bi Effie alinipa risiti zake, kopo zima la biskuti.
Jumatatu: pauni kumi. Shayiri, mayai, supu mbili za kopo;
mita ya gesi hakuitia hata peni.
Alhamisi: pauni kumi, bei hazijatikisika.
Zote kwenye mita. Chakula, sifuri.
Wiki nne mfululizo.

Nilifurahi, Mungu anisamehe.
Nikachora mstari wa bajeti na nukta mbili juu yake
zikikodoleana macho,
nikahitimisha kwa wino mweusi: amejipinga.
Hana busara.

Dakta akasoma, akavua miwani.
Hesabu hakuigusa.
"Umemuuliza?"

Ngazi kumi na nne kushuka.
Nilikuwa sijawahi kuzihesabu.
Joto lilinipokea mlangoni kabla yake.
Juu ya zulia mtoto, soksi kavua,
anachora treni yenye madirisha mengi mno.
"Mjukuu wangu, Ruaridh. Mama yake ana zamu kila Alhamisi.
Kifua chake na baridi hawapatani."
Na wewe, Bibi, umekula?
"Nitakula kesho."

Mimi ndiye Saumu.
Yeye ndiye aliyefunga.

Usiku nikaifuta ile sentensi.
Chakula kilikuwa x, joto y;
mtoto nikampa z, na z haikumtosha,
soksi zilibaki nje, treni ilibaki nje.
Lakini mlinganyo ukatulia, nukta zikaacha kugombana,
na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Chini kabisa ya ukurasa,
mahali ambapo hakuna alama za kupata,
nikaandika swali:
huu mstari wa pauni kumi,
ambao kila sura huanza kwa kusema
"tuchukulie kwamba umeshatolewa",
umetolewa na nani?

Kwa Bi Effie mita ikalia mara moja,
ikanyamaza.