Harufu ya Uzi

Wadi ya Samail ilikuwa kavu siku ile,
mawe meupe kama meno ya mbuzi,
lakini ukutani, kimo cha bega langu,
mstari wa tope ulionesha gharika ilipofika.
Niliacha gari chini ya mitende
nikafuata maji ya falaji
mpaka Mtaa wa Wafumi.

Wamebaki wawili, nikaambiwa.
Mmoja yuko Maskati, anatibiwa jicho.
Wa pili, Muhenna, alikuwa shimoni kwake,
miguu ndani ya ardhi, mikono juu ya mtande,
kama mtu aliyezikwa nusu
akaikataa nusu iliyobaki.
"Hodi," nikasema kwa mazoea.
"Karibu," akajibu, kwa Kiswahili cha Bujumbura,
alikozaliwa nyuma ya duka la chumvi na baiskeli.

Nilibeba bati la biskuti.
Ndani yake, debwani ya bibi yangu Thuwaiba,
aliyomfunga babu kilemba siku ya harusi.
Tulilelewa kwa maneno mawili: hariri tupu.
Kwenye mirathi walisameheana nyumba,
wakagombea kitambaa hiki.

Muhenna hakusifu.
Alipeleka pindo kwenye mwanga, akahesabu kwa ukucha,
akachomoa uzi mwekundu, akawasha kiberiti.
"Nusa."
Nywele zilizoungua.
"Hiyo hariri."
Akachomoa mwingine, mweupe, uliojificha chini.
"Nusa."
Daftari la shule, siku ya kuchoma taka.

Akanitazama kama daktari anayetafuta neno dogo.
"Mtande ndio hariri. Mshindio ni pamba.
Aliyeuza alijua."
"Na aliyenunua?"
Akapuliza majivu.

Niliigeuza. Penye mikunjo
wekundu ulikuwa umekatika wote,
na ule mweupe, ambao hakuna aliyeugombea,
ulikuwa bado umeshika.

Simu ikalia. Mama.
"Wamesemaje?"
Nyuma yangu Muhenna alikanyaga,
mti ukagonga mti, uzi mmoja ukapita.
"Wamesema ni ya huku huku. Imefumwa vizuri."
"Hariri tupu?"

Nilitazama maji ya falaji
yakimbeba nyuki aliyekufa, taratibu, kuelekea mashambani.
Vidole vyangu vilinuka nywele na karatasi.

"Sikusikii vizuri, mama," nikasema.
"Mtandao unakatika.
Mtandao."