Figo Moja kwa Mkopo

Fotokopi, mia. Kuprinti, mia mbili.
Kutafutiwa kitu mtandaoni, mia tano.
Bei nimeziandika kwa kalamu nene kwenye kibao,
nikakifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha,
hapa Charambe, mkabala na mashine ya kusaga.

Sikudhani alikuja na mia mbili.
Sketi ya shule, kiatu kimoja ndicho chenye kamba.
"Kaka Shomari, nitafutie figo.
Mwalimu kasema imo mtandaoni, kesho tuje tumeichora."
Nikamwonyesha kibao. Akakisoma, midomo ikipiga hesabu.
"Basi usiprinti. Nioneshe tu.
Kuangalia ni shilingi ngapi?"

Miaka sita nauza karatasi.
Kuangalia sikuwahi kukupangia bei.

Nikageuza kioo kikatazama nje.
Akachora amesimama, daftari kalibana ukutani,
mirija yote, hata ile myembamba
niliyodhani ni uchafu wa kioo,
na unga wa mashine ukimtua mabegani.

Keshokutwa wakaja watano.
Wiki iliyofuata sikuhesabu.
Mwinshehe, kwa kuwa ni mrefu,
anawasomea kwa sauti walio nyuma.
LUKU inalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake;
bando la wiki linakata roho Jumatano.
Mke wangu anauliza, "Unauza, au unagawa?"
Namwonyesha daftari la madeni:

Sikudhani: figo, moja.
Mwinshehe: moyo, pande zote mbili.
Tausi: volkano (atalipa ikilala).

Kila mwisho wa mwezi napeleka wino Masaki,
shule yenye ukuta mweupe.
Kule mtoto anaigusa figo kwa kidole,
inazunguka, inapasuka kati kama papai.
Anahama kwenda kitu kingine kabla sijasainiwa risiti.
Simlaumu. Hajui kama kuangalia kuna bei.

Redioni wanasema nchi nzima imeunganishwa.
Naamini. Mkongo nimeuona kwa macho yangu
ukifukiwa kando ya barabara yetu,
vijana wa hapahapa wakilipwa kwa mita.
Umepita. Haukupiga hodi.

Jana Sikudhani hakusimama dirishani.
Alizunguka, akaingia mlangoni, akavuta kiti.
"Leo sitaki unitafutie. Nataka nitafute."
Kidole kimoja juu ya kibodi,
kama mgeni anayesoma namba za nyumba.
"Mbona herufi hazijapangwa? A, be, che ziko wapi?"
Sikuwa na jibu. Sijawahi kuuliza.
Akasema ataanza na jina lake, figo itasubiri.

Nyuma foleni imefika kwenye mashine ya kusaga.
Bwana mmoja mwenye fomu ya kitambulisho anaguna,
anatazama saa, anaguna tena.
Namwambia avumilie kidogo.
U ameipata.
Sasa anatafuta D.