Neno Tu

Nyuma ya ghala la mahindi, Kibaigwa,
kompyuta sita, feni moja,
na vumbi la pumba mpaka kwenye vitufe.
Nikawaambia: fungueni tu kile kidirisha cheusi,
andikeni tu amri hii,
kisha bonyezeni tu.

Sechelela, karani wa mzani,
anayeijua lumbesa kwa kuitazama kamba ya gunia,
alikaa mbele ya weusi ule,
kijistari kikimpepesea, kikimpepesea,
kama mwenye duka asiyeuliza unataka nini.
Akaandika: mbukwenyi.
Kikajibu: amri haijulikani.
Akacheka.
Kisha akaondoa vidole, akavikunja mapajani.
"Mwalimu, nimeiharibu?"

Usiku ule nilihesabu hatua
toka kuwasha hadi mstari wa kwanza wa programu.
Ishirini na tatu.
Nilikuwa nazishuka kama ngazi za nyumbani umeme ukikatika:
mguu unajua, kichwa hakijui.
Nikakumbuka Chimwaga, mwaka wa kwanza,
siku nne nimekwama kwa nafasi moja
kati ya maneno mawili ya jina la folda,
na aibu imenikausha mdomo kuliko kiu.
Nilivuka korongo lile, nikalisahau.
Nikarudi ukingoni kuwapigia wengine kelele: rukeni.

Basi nikaandika faili moja, nikaliita ANZA HAPA.
Unalibofya mara mbili.
Linakagua lenyewe kama mashine ni kuukuu au mpya,
linapakua, linapanga, linasema Kiswahili:
Subiri tu.
Mtandao ukikatika, nitaendelea nilipoishia.
Kosa likitokea, si lako.

Jumatatu Sechelela alibofya.
Dakika tisa. Alizikodolea macho zote
kama aliyeachiwa maziwa jikoni.
Kufika jioni programu yake ilikuwa inaikata lumbesa
kilo kwa kilo,
na juu ya skrini imeandika: mbukwenyi.

Nikadhani tumefika.

Wiki ya tatu nikamkuta kwenye kile cheusi, kwa hiari yake,
amelipasua ANZA HAPA tumbo,
anasoma mstari baada ya mstari, midomo ikitembea.
"Hapa, mwalimu, umeandika Subiri tu."
"Ndiyo."
"Dakika tisa, hujui kama umeharibu au hujaharibu.
Hiyo siyo tu."
Akalifuta lile neno,
akahifadhi,
akarudi mzanini.